Usiku wa Pasaka Mjini Milano

Katika mkesha wa Pasaka, usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 387, mjini Milano, Askofu Ambrosi alimbatiza Agostino, mwenye umri wa miaka 32, pamoja na mwanawe Adeodato na rafikiye Alipio. Kisima cha ubatizo kilikuwa na pembe nane, kwani siku ya nane, ile ifuatayo Sabato, ndiyo siku ya Ufufuko. Mama yake Monika, aliyemlilia miaka mingi, alifariki mwaka uo huo, moyo wake umetulia.

Basi, mzazi uliyechoka kumwombea mtoto aliyeliacha Kanisa, usikate tamaa. Nasi tunaporudia ahadi za ubatizo, mishumaa mikononi, tujiulize: je, tulizikwa kweli pamoja na Kristo, ama tulilowa maji tu? Mfufuka angali anatuita. Amina.