Mutueli ya afya: tupime gharama kabla ya kuchanga

Ndugu wapendwa wa Baraka, Fizi na makanisa ya kando ya ziwa, mara ngapi tumepitisha sahani ya sadaka kwa ajili ya mgonjwa aliyepona lakini hawezi kutoka hospitalini kwa sababu ya deni? Ndiyo maana wengi wanauliza: tujiunge na mutueli ya afya? Na ipi?

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya mchango. Hiyo peke yake haitoshi. Tuchukue mfano wa nyumba ya watu 7. Mutueli ya kwanza inaomba dola 3 kwa kila mtu kwa mwaka, nayo inalipa nusu ya bili. Ya pili inaomba dola 5, nayo inalipa asilimia 80. Mchango wa kwanza ni dola 21, wa pili ni 35. Mama akipasuliwa kwa dola 150, nyumba ya kwanza inaongeza dola 75, jumla 96. Ya pili inaongeza 30, jumla 65. Isiyo na mutueli inatafuta 150 zote kwa siku moja. Mwaka ukipita bila ugonjwa, tofauti kati ya mutueli hizo mbili ni dola 14 tu.

Lakini bei ndogo mno huua mutueli yenyewe. Jirani zetu wa Burundi walianzisha kadi ya matibabu mwaka 1984. Kwa miaka mingi nyumba nzima ililipa franka 500 za Burundi kwa mwaka. Wengi waliinunua wakiwa tayari wagonjwa, na fedha zilizoingia hazikutosha kuvirudishia vituo vya afya gharama zao.

Hapa Kongo, mutueli ya hospitali ya Bwamanda ilianza mwaka 1986 kwa njia nyingine. Nyumba nzima iliandikwa pamoja, si mgonjwa peke yake, na uandikishaji ulifunguliwa mara moja kwa mwaka, wakati wakulima wanauza mavuno. Kwetu pia majira ni jambo la kupima: usiku wa mbalamwezi mvuvi wa ndagala hapati kitu, na mkulima wa muhogo hana mshahara wa mwezi.

Kabla ya kutoa franka, tuulize haya:

- Inalipa sehemu gani ya bili, na kuna kiasi isichovuka?
- Inapokelewa kituo gani? Kama ni mbali, tuongeze nauli ya pikipiki au mtumbwi.
- Uzazi, upasuaji na dawa vimo? Ugonjwa wa kudumu je?
- Tutangoja miezi mingapi kabla ya kutibiwa?
- Ina kibali? Sheria ya mutueli ipo tangu Februari 2017.
- Nani anatunza fedha, na hesabu husomwa lini mbele ya wanachama?

Tuulize pia kwenye kituo cha afya ni huduma zipi zinatolewa bure, tusije tukazilipia mara mbili.

Sadaka ya wagonjwa isiachwe. Lakini sehemu yake inaweza kulipia mchango wa wajane na yatima mapema, kabla hawajaugua. Wagalatia 6:2 inahusu mizigo, na mzigo huu ni mwepesi zaidi ukibebwa kabla ya homa kuingia nyumbani.