Ramani ya Erhardt na Ushuhuda wa Watu wa Pwani

Ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyosambaa Ulaya mwaka 1856, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Hata Kaniha yetu, iliyo kati ya Nyanza na Tanganyika, ingekuwa majini! Wengi waliicheka.

Lakini Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854 akiwauliza wasafiri wa misafara. Hao walipita njia mbalimbali, na kila njia iliishia kwenye maji. Walisema kweli, aliyeunganisha maziwa ni mchoraji. Nasi tunaoandika historia za sharika kutokana na barua za wamisionari, yatupasa kutenganisha neno la msimuliaji na kalamu ya mwandishi.

Mwaka 1858 Burton na Speke, wakifuata njia hizohizo za misafara, walifika Tanganyika. Kisha Speke, bila Burton, akaiona Nyanza.