Safu ya Lugha: Biti, pigo na kasi
Madijei wetu wa harusini, Mbulu hadi Katesh, kila hitilafu wanaiita "biti imekataa". Biti tumeitoa kwenye Kiingereza, na kwa watayarishaji wa Bongo Fleva ni muziki mtupu usiotiwa sauti ya mwimbaji. Hiyo haikatai kitu! Mdundo ni mpangilio mzima wa mapigo; pigo ni dundo moja; kasi ni idadi ya mapigo kwa dakika. Nyimbo mbili zaweza kuwa na kasi ya 120 zote, lakini mapigo yakapishana, spika zikatoa mwendo wa punda anayechechemea. Hapo sogeza alama ya pigo la kwanza kwenye programu ya kuchanganyia nyimbo, kasi usiiguse. Ila singeli ya 220 ikisomwa 110, kilichokosewa ni kasi: izidishe mara mbili.