Sauti Safi ya Gitaa la Mjomba

Mjomba alisikiliza kwa dakika moja hivi, akavua spika za masikioni, akanirudishia simu yangu.

"Hii ni amplifaya gani?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni Fender ya Marekani, ya miaka ya sitini. Akacheka. "Mjomba, hiyo Fender mimi nimeiona kwenye picha tu. Sasa unanirekodije kwa sauti ya mtu mwingine?"

Tulikuwa Idodi, kwenye njia ya kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tumekaa nje ya nyumba yake. Miaka ya sabini alipiga solo kwenye bendi ndogo iliyokuwa ikizunguka baa za Mafinga, Makambako na Chimala. Bendi ile haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kushoto umerudi, namshukuru Mungu, ila kidole cha pete kinachelewa. Ndiyo maana nilikuja na gitaa la kuazima, kifaa kidogo cha kuunganisha gitaa na simu, na programu inayoiga amplifaya. Studio ya kweli hatuna, na muda wa kuisubiri hatuna pia.

Swali lake lilinikaa kichwani. Programu hizi zinajisifu kwamba zinatoa sauti halisi. Halisi ya nani?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alipita Tanganyika akarekodi pia Wahehe wakipiga ligombo, lile bao lenye nyuzi na kibuyu cha kukuza sauti. Sauti yake ni kavu na fupi. Uzi ukiguswa unasema, kisha unanyamaza ili mwimbaji asikike. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, Tracey huyohuyo akiwa Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, alimrekodi kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda. Gitaa moja lisilo na umeme, vidole vinavyopiga besi na sauti ya juu kwa wakati mmoja, na maneno ya Kiswahili. Hapo ndipo wengi wetu Afrika Mashariki tulipojifunza kwamba gitaa linaweza kuongea kwa sauti mbili bila kugombana.

Bendi za dansi zilikuwepo tayari. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Umeme ulipoingia kwenye magitaa, na santuri za Kongo zilipojaa madukani na redioni, kazi ya gitaa ilibadilika. Bendi ikawa na solo, rithimu, besi, na mara nyingi gitaa la nne linalokaa katikati ya solo na rithimu. Kila mmoja anapiga kipande kifupi, anakirudia, na wimbo unasukwa kama mkeka. Ukimsikiliza Mbaraka Mwinshehe, tangu Morogoro Jazz hadi Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973, utaona solo yake haifunikii wenzake. Inapita kwenye matundu waliyoyaacha. Ukimsikiliza Nguza Viking kwenye Maquis, au magitaa ya Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978, ni utaratibu uleule kwa mitindo tofauti.

Hapa ndipo usafi wa sauti unapokuwa jambo la lazima. Amplifaya ikizidiwa inakata vichwa vya mawimbi ya sauti na kuongeza milio mingine ambayo mpigaji hakuipiga. Kwa mtu wa roki anayepiga noti moja ndefu, huo ni utajiri. Lakini ukipiga noti mbili pamoja, milio hiyo ya ziada inagombana yenyewe kwa yenyewe. Weka magitaa matatu ya namna hiyo kwenye wimbo wa dansi na mkeka unakuwa uji. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuiacha sauti ya kukwaruza: kila mmoja alihitaji nafasi ya mwenzake isikike.

Sababu ya pili ni chumba walichorekodia. Baada ya uhuru, bendi nyingi za Tanzania Bara zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima iliingia studio, ikapiga wimbo kwa mkupuo, na mchanganyo ukaamuliwa palepale kwa umbali wa maikrofoni na kwa busara ya fundi mitambo. Rekodi zile zilikuwa za kurushwa hewani, ziende kusikika kwenye redio ya betri yenye spika ndogo. Nchini hakukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka santuri alitazama Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mbaraka mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari huko Kenya, Januari 1979. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, vita vya Uganda vikaja, na vyombo vya muziki kwa kawaida vilikuwa mali ya mwenye bendi: chama cha wafanyakazi, jeshi, shirika la umma au mfanyabiashara.

Kwa hiyo mpiga solo wa wakati ule hakuchagua amplifaya. Aliikuta. Alichochagua ni vidole vyake. Mjomba ananiambia wao walikuwa na amplifaya moja kwa magitaa mawili, na mwenye rithimu alilazimika kugusa nyuzi taratibu ili mwenzake asizame. "Sauti ya bendi ilikuwa adabu," alisema.

Sasa tuje kwenye hizi programu. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995, mashine iliyoiga magitaa na amplifaya kwa kompyuta. Mwaka uliofuata Line 6 wakaleta amplifaya ya namna hiyo, na mwaka 1998 wakatoa POD, kile kidude chekundu chenye umbo la figo ambacho wapiga gitaa wengi duniani walikikimbilia. Baadaye ikaja Axe-Fx mwaka 2006, kisha Kemper, ambayo inapeleka milio ya majaribio kwenye amplifaya ya kweli na kuhifadhi tabia yake. Leo kuna programu za bure zinazotumia akili bandia: unaipa kompyuta sauti iliyoingia kwenye amplifaya na sauti iliyotoka, inajifunza tofauti. Amplifaya ya dola elfu kadhaa inaingia kwenye simu ya mtu wa Idodi. Jamani, hili si jambo dogo.

Ila kuna kinachoshangaza. Mashine hizi zilianza kusifiwa kwa sauti za kukwaruza, na sauti safi ndiyo iliyozisumbua zaidi. Sauti ikikwaruza, sikio linashughulika na kelele na kusamehe mengi. Sauti ikiwa safi hakuna pa kujificha. Mpigaji akigusa uzi kwa upole, amplifaya ya valvu inaitika kwa upole. Akiuchapa, inajikunja kidogo, inakaribia kukwaruza halafu inarudi. Kile kijipande cha katikati, ambacho si safi kabisa wala si kichafu, ndicho sikio linachokiita uhai.

Siku ya kwanza tuliharibu karibu kila kitu. Kabla sijatoa kifaa changu nilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa ya kwaya. Sauti ikatoka butu, kama gitaa limefunikwa blanketi. Pikapu ya gitaa, na sisemi gari, ina nguvu ndogo sana ya umeme na inahitaji tundu lililotengenezwa kwa ajili yake, lenye ukinzani wa karibu omu milioni moja. Tundu la kawaida la mikisa linaimeza sauti ya juu yote. Nilipohamia kwenye kifaa cha simu, nikaweka kiwango cha kuingilia juu mno, na kila mjomba alipochapa uzi ikatokea mikwaruzo mibaya ya kidijitali, isiyo na uhusiano wowote na valvu. Nikashusha hadi mapigo makubwa yabaki mbali na ukomo. Spika za bluetooth nazo tukaziacha, maana zinachelewesha sauti, na mtu ambaye kidole kinachelewa tayari huwezi kumwongezea ucheleweshaji mwingine. Tukatumia zenye waya.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la spika. Spika ya amplifaya ya gitaa haitoi sauti za juu kabisa. Kuanzia mahali fulani karibu na hezi elfu tano inaanza kuziacha. Programu nzuri inaiga amplifaya na pia spika, sanduku lake, na maikrofoni iliyowekwa mbele yake. Nilikuwa nimeizima sehemu hiyo bila kujua, ndiyo maana gitaa lilichoma masikio kama sindano. Nilipoiwasha mjomba akainua kichwa. "Hapo kuna mbao," akasema.

Kisha tukaanza kuondoa. Mwangwi mkubwa wa kanisa la mawe, ambao programu inakuja nao tayari, tukauzima wote. Upana wa kushoto na kulia tukauzima pia, kila kitu kikakaa katikati, kwa sababu masikio ya mjomba yalilelewa na redio ya spika moja. Sauti nzito za chini tukazikata, ile ni nafasi ya besi hata kama mpiga besi wake amekwisha kuzikwa. Mwisho tukaongeza nguvu ya amplifaya kidogo tu, hadi uzi ukichapwa uanze kulalamika, kisha tukarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa inakaribia. Bado haikuwa yenyewe, na mjomba ndiye aliyejua kwa nini. Aliniomba nipige rithimu. Mimi ni mwandishi wa habari, gitaa najua chodi nne, lakini nikachukua gitaa lake bovu la kwaya nikapiga chodi mbili nikizungusha. Akaingia. Vidole vyake vilibadilika palepale. Akawa anaacha noti, anasubiri, anajibu. Ile sauti niliyokuwa nikiitafuta kwenye vitufe ilitoka alipopata mtu wa kumpisha.

Nadhani hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouza programu hizi, ingawa nazipenda. Zinaiga amplifaya moja, ikiwa peke yake, ndani ya chumba kizuri cha ng'ambo. Muziki wetu wa dansi haukuwa na sauti ya amplifaya moja. Ulikuwa na sauti ya watu wanne au zaidi waliogawana umeme mdogo. Hata Remmy Ongala alipokwenda kurekodi na Super Matimila katika studio za Real World, Uingereza, albamu iliyotoka mwaka 1989, vyumba na mashine vilibadilika kabisa, ila magitaa yaliendelea kupishana vilevile. Usafi ule walikwenda nao.

Tulirekodi vipande kumi na kimoja kwa siku tatu. Kwa kila kipande nimehifadhi mafaili mawili. La kwanza ni gitaa likiwa na amplifaya ya programu. La pili ni gitaa kavu, kama lilivyotoka kwenye nyuzi kabla halijapita popote. Hili la pili halipendezi kulisikiliza, lakini ndilo ninalolilinda zaidi. Amplifaya naweza kuibadilisha hata miaka kumi ijayo, itakapokuja programu bora. Mkono wa mjomba siwezi.

Jioni ya mwisho alitaka asikie kwenye spika kubwa. Tukaazima ya kwaya, tukaielekeza barabarani, naye akatembea na fimbo yake hadi kwenye miti ya upande wa pili, umbali ambao zamani watu walisimama kusikiliza dansi bila kulipa kiingilio. Nikawasha. Akasimama kimya wimbo wote. Aliporudi sikuthubutu kumuuliza.

"Kile cha tano," alisema huku akikaa. "Kidole kimechelewa. Kesho asubuhi kabla ya basi tukirudie."