Ngome za Kilimanjaro na Taveta: Mwongozo kwa Wanaotembelea Maeneo ya Kihistoria ya Mpakani

Msafiri anayetoka Moshi kupitia Himo na Holili hadi Taveta, upande wa Kenya, hupita katikati ya maeneo yaliyojengewa ngome nyingi za kihistoria, na mara nyingi hufika aendako bila kuiona hata moja. Sababu ni kwamba aliyezoea Ngome Kongwe ya Unguja au Fort Jesus ya Mombasa hutafuta kuta ndefu za mawe na chokaa zenye minara na matundu ya mizinga. Huku mlimani ngome zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa, kwa mahandaki, kwa magogo na kwa msitu wenyewe. Mengi ya yaliyobaki ni matuta na mashimo yaliyofunikwa na majani, na anayetaka kuyaona hana budi kujua kwanza anatafuta nini.

Mpaka unaokata eneo hili ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Mstari ulianzia pwani, karibu na mto Umba, ukaelekea Ziwa Jipe, ukaiacha Taveta upande wa Waingereza na nchi ya Wachaga upande wa Wajerumani, kisha ukazunguka mlima kwa kaskazini hadi Ziwa Victoria. Watembeza wageni wengi bado husimulia kwamba Malkia Victoria alimpa Kaisari Wilhelm II Mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Simulizi hiyo inapendeza lakini haina msingi, kwani Wilhelm alitawazwa mwaka 1888, miaka miwili baada ya mstari kukubaliwa.

Kabla ya mpaka huo, ngome za mlimani zilikuwa za Wachaga wenyewe. Kila nchi ilikuwa na Mangi wake, na mashindano ya kugombea mifugo, njia za misafara na biashara ya pembe za ndovu yalifanya ulinzi kuwa kazi ya kila msimu. Huko Marangu na vijiji vya jirani yangali mapango yaliyochimbwa kwa mkono, ambamo familia zilijificha pamoja na mifugo wakati wa uvamizi. Mlango ulichimbwa mwembamba makusudi, ili adui aingie akiwa ameinama, mmoja baada ya mwingine. Mgeni anayeingia leo akiwa na tochi na kiongozi huielewa mbinu hiyo mara moja, kwa mgongo wake mwenyewe.

Ngome iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Mangi Sina wa Kibosho, aliyetawala katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Sina alizungushia makao yake kuta za mawe na mahandaki, na nguvu zake ziliwatia hofu majirani, hasa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni wengi wa wakati ule walimwita Mandara. Rindi alikubali bendera ya Wajerumani mapema. Sina aliikataa. Mwezi Februari 1891 Hermann von Wissmann aliongoza kikosi cha askari wenye mizinga na bunduki za rashasha, kikisaidiwa na wapiganaji wa Rindi, na kuivamia Kibosho. Kuta zilizokuwa zimezuia mikuki na bunduki za gobori hazikutosha mbele ya silaha hizo, ingawa wavamizi walilazimika kupigania njia nyembamba na vizuizi vya ndani hatua kwa hatua. Sina aliomba amani na akaendelea kuwa Mangi chini ya utawala mpya.

Anayekwenda Kibosho leo afahamu kwamba anaingia katika vihamba vya watu. Ardhi ya mlimani imejaa migomba, kahawa, mifereji ya maji na makaburi ya ukoo, na ukuta wa zamani unaweza kuwa uzio wa zizi la ng'ombe au ukingo wa shamba la mtu. Mawe mazuri yaliyokwisha kuchongwa na kukusanywa hayakuachwa yakae bure kwa zaidi ya miaka mia moja. Yamejengea misingi ya nyumba na ngazi za bustani. Wenyeji hawastahili lawama kwa hilo, lakini ndiyo sababu ya kwanza ya mgeni kushindwa kuiona ngome yote. Ni vema kuanzia ofisi ya kijiji au kata, kueleza nia ya ziara, na kuomba mzee anayeifahamu historia ya eneo awe mwenyeji. Mstari wa masale uliopandwa ni mpaka unaoheshimiwa na wote. Hauvukwi bila ruhusa.

Kutoka Kibosho simulizi inahamia Moshi ya Zamani, ambayo wengi huiita Old Moshi, kwenye mteremko wa juu ya mji wa sasa. Rindi alifariki mwaka 1891 na kurithiwa na mwanawe, Meli. Mwezi Juni 1892 wapiganaji wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani, na ofisa aliyekiongoza, von Bülow, akauawa. Mwezi Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa chini ya Gavana von Schele, wakamshinda Meli na kujenga boma lao la kijeshi papo hapo Moshi. Kwa miaka iliyofuata nchi zote za mlimani zilitawaliwa kutokea boma hilo, hadi reli kutoka Tanga ilipofika na shughuli za utawala kuhamia chini, ulipo mji wa Moshi leo.

Hapo ndipo Mangi Meli aliponyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi na wapiganaji wengine 18. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Molelia wa Kibosho, mtoto wa yule Sina aliyepigana na baba yake Meli miaka tisa nyuma. Koo mbili zilizokuwa na uadui ziliishia kwenye mti mmoja. Familia ya Meli imekuwa ikitafuta kwa miongo kadhaa fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, na mahali aliponyongwa pamewekwa kumbukumbu yake. Mgeni anayefika hapo azingatie kwamba wapo jirani watu wanaosubiri kumzika ndugu yao. Picha za utani na kelele hazifai.

Ukivuka Holili, ngome hubadilika sura. Katika karne ya 19 Wataveta waliishi ndani ya msitu mnene ulio kandokando ya mto Lumi. Njia za kuingilia zilikuwa chache na zilizibwa kwa malango ya magogo, na misafara iliyotoka pwani ilisubiri nje hadi wazee waridhie. Msitu wenyewe ulikuwa ngome, na uliwalinda dhidi ya wavamizi wenye nguvu kuliko wao. Sehemu kubwa ya msitu huo imegeuka mashamba na makazi.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoacha alama zinazoonekana zaidi kati ya Taveta na Voi. Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914, na ili kulilinda pengo la tambarare kati ya Kilimanjaro na milima ya Upare waliimarisha kilima cha Salaita, yapata kilomita 12 mashariki ya mji huo. Waingereza nao walijenga reli kutoka Voi kupitia Maktau, pamoja na kambi zenye ngome njiani, wakijiandaa kuvamia.

Salaita ni kilima kidogo. Gari hukipita kwa dakika chache. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wengi wao wapya vitani, waliamriwa kukichukua. Mizinga ya Waingereza ilipiga kilele, kwa kuwa makamanda waliamini kwamba mahandaki yalikuwa juu. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani waliwasubiri wavamizi wakaribie, wakafyatua, kisha wakatoka kuwashambulia. Zaidi ya watu 150 wa upande wa Waingereza waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na wengine waliokolewa na kikosi cha Wahindi, Wabaluchi, kilichosimama imara wakati wenzao wakirudi nyuma. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts hakukivamia tena kilima. Alikizunguka kwa upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakakiacha bila mapigano makubwa. Baada ya mapambano ya usiku katika vilima vya Latema na Reata tarehe 11 na 12 Machi, njia ya Moshi ilifunguka.

Kwa hiyo anayepanda Salaita moja kwa moja hadi kileleni hurudia kosa la mizinga ile. Ziara nzuri huanzia chini, kwa kuzunguka kilima taratibu na kuifuata mifereji ya mahandaki pamoja na marundo ya mawe yaliyowakinga wapiga risasi, ndipo kupanda kuitazama tambarare waliyoivuka wavamizi bila mahali pa kujificha. Saa mbili zinatosha, asubuhi mapema, kabla ya jua kali. Miezi ya Masika haifai, kwani majani huficha kila kitu na njia za udongo huteleza.

Makaburi ya kijeshi ya Taveta na Moshi yanatunzwa vizuri na yako wazi kwa umma. Majina yaliyoandikwa humo ni sehemu ndogo ya waliokufa. Wapagazi wa Kiafrika walioibeba vita hii vichwani na mabegani walifariki kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na walio wengi hawana kaburi linalojulikana. Jina lao limebaki mahali pasipotazamiwa: Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu ni nafasi ya ngome hizi katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 huyapa hifadhi ya moja kwa moja majengo na ngome za kabla ya mwaka 1863. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 hutumia mwaka 1895. Mahandaki ya Salaita ni ya baada ya miaka yote miwili, na ngome ya Sina pamoja na boma la Moshi ni za baada ya mwaka uliowekwa na sheria ya Tanzania. Maeneo ya namna hii hupata ulinzi pale Waziri anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali. Kwa sababu hiyo taarifa za wananchi zina uzito: kijiji kinachojua kwamba tuta fulani ni ukuta wa ngome, kikaliandika hilo na kulifikisha kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, huanzisha hatua ambayo haiwezi kuanza bila taarifa hiyo. Tuta lililosawazishwa na trekta halirudishwi kwa tangazo lolote.

Maganda ya risasi, vipande vya chuma na vifungo vya sare bado huonekana juu ya ardhi baada ya mvua. Visiokotwe wala kuuzwa kama chuma chakavu, kwani mahali kitu kilipolala ndipo penye habari ya nani alisimama wapi. Kinachofanana na kombora au bomu kisiguswe kabisa. Mahali hapo pawekewe alama kwa mbali na kituo cha polisi cha karibu kiarifiwe.

Wanaopanga kutembelea pande zote mbili wapite katika kituo cha pamoja cha Holili na Taveta wakiwa na hati halali za kusafiria, na wenye magari wawe na nyaraka za gari na bima inayokubalika nchi ya pili. Vilima vya Latema na Reata viko karibu sana na mpaka, na njia za miguu hapo ni nyingi. Kuvuka kwa njia hizo, hata kwa kufuata handaki, ni kosa la uhamiaji.