Saa ya Mwanafunzi ni ya Nani?

Kila mwaka mitihani ya kitaifa inapokaribia, makanisa yetu huwaita watahiniwa mbele, huwaombea, na mahali pengine hata kalamu zao huombewa. Ni desturi njema. Lakini ni mara chache sana tunapoombea zile saa ambazo mwanafunzi hayumo darasani: saa ya uwanjani, saa ya kwaya, saa ya kukaa na rafiki chini ya mti bila kuulizwa swali. Tukiifuata historia ya shule zilizoanzishwa na makanisa Afrika Mashariki, tunaona kwamba saa hizo hazikuwa makombo ya ratiba. Mara nyingi ndimo imani ilimoota mizizi.

Tuanzie Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alifika huko, na wavulana watano waliookolewa kutoka utumwani wakakabidhiwa kwake. Katika mwanzo huo mdogo ikakua shule ya Mtakatifu Andrea, Kiungani. Tufikiri kidogo juu ya watoto wale. Mtumwa hana saa yake. Asubuhi ni ya bwana wake, na jioni vilevile. Kwa hiyo mvulana wa Kiungani alipoachiwa alasiri acheze mpira, alikuwa akipewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumpa tangu atekwe. Na wanafunzi wale hawakuishia kwenye mpira. Kuanzia mwaka 1888 palichapwa hapohapo shuleni kijarida cha Kiswahili kilichoitwa Msimulizi, wakaandika habari zao na za vituo vya misheni bara, walikokwenda ndugu zao waliomaliza masomo. Watu waliotenganishwa na koo zao wakawa na ukoo mwingine wa kuandikiana barua. Hiyo ndiyo roho ya shule katika maana yake ya kwanza: kujua kwamba unao watu, na kwamba ukienda mbali watauliza habari zako. Kutoka nyumba hiyo alitokea Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye mwaka 1890 aliwekewa mikono kuwa kasisi.

Hata hivyo, wamisionari hawakuwa na moyo mmoja juu ya muda wa mwanafunzi. Wengi waliogopa kwamba kijana asiye na kazi atarudi kwenye ngoma za usiku, wakajaza siku yake kuanzia kengele ya alfajiri hadi kengele ya kulala. Shule ya Maseno ilianzishwa na misheni ya CMS mwaka 1906, na kufikia 1908 tayari wanafunzi wake walikuwa wamegoma. Walilalamika kwamba kazi za mikono ni nyingi mno na masomo ni machache. Wao walikuja kusoma. Mgomo ule una fundisho kwetu. Vijana wale hawakuwa wavivu. Waliona tu kwamba muda wao ulikuwa ukitumiwa na wengine kwa makusudi ambayo hawakuyachagua.

Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 1926, misheni za Kiprotestanti ziliungana kufungua Alliance High School huko Kikuyu. Shule hiyo ilichukua wito wa kuwa imara ili kutumika. Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge aliyekuwa amekwisha kuongoza Maseno tangu 1928, aliiongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Nidhamu yake ilikuwa kali, na ratiba yake haikuwa na nafasi nyingi za kupumua. Lakini palikuwa na michezo, palikuwa na skauti, na kila mwaka paliigizwa tamthilia ya Shakespeare. Jumapili baadhi ya wavulana walitoka kwenda vijiji vya jirani kufundisha watoto shule ya Jumapili. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958, ameyasimulia hayo katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2012. Anasimulia pia jinsi alivyorudi nyumbani baada ya muhula wa kwanza, akakuta kijiji chao hakipo tena. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Hapo tunaona ukubwa na upungufu wa roho ya shule. Ilimpa kijana kimbilio. Lakini kimbilio lenye uzio linaweza kumfanya mtu asahau waliobaki nje. Wale waliokwenda vijijini Jumapili, wakakaa mavumbini na watoto, walikuwa na nafasi ya kuutimiza wito wa shule yao kwa njia ambayo hakuna sherehe ya ukumbini ingeweza kuwapa.

Kuna kisa kingine, cha Uganda, ambacho kinagusa imani yenyewe. Mwaka 1941, wakati Uamsho ulipokuwa ukienea kutoka Gahini nchini Rwanda, baadhi ya wanafunzi wa chuo cha Askofu Tucker, Mukono, walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko ili waombe pamoja. Hakuna aliyewaagiza. Uongozi wa chuo ukaona ni utaratibu unaovunjwa, ukakataza mikutano hiyo. Wanafunzi hawakuacha, na 26 kati yao wakafukuzwa. William Nagenda, mmoja wao, baadaye alihubiri katika nchi nyingi. Wapo watakaosema uongozi ulikosea, na wapo watakaosema vijana walikosa adabu. Ugomvi wenyewe, hata hivyo, ulikuwa juu ya ile saa ya alfajiri ambayo haikuwa kwenye ratiba ya mtu. Chuo kilichojengwa ili kufundisha maombi kilishtuka kuona maombi yakianza bila kengele.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Shule ziliongezeka, nafasi za vyuo vikuu zikabaki chache, na mtihani ukawa mlango mwembamba ambao kila mzazi alitaka mwanawe aupite. Nchini Kenya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliongeza masomo, na tuisheni ikaanza kula jioni, Jumamosi, hata likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya likizo. Kanuni za 2015 zikaweka masaa: darasa kuanzia saa 2.00 asubuhi hadi saa 9.30 alasiri, kisha michezo na vyama hadi saa 10.45. Kwenye karatasi ni ratiba nzuri. Lakini sote tunajua shule ambazo taa za madarasa huwaka kabla ya jogoo kuwika.

Mwaka 2016 shule zaidi ya mia moja zilichomwa nchini Kenya, nyingi zikiwa za bweni. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja inayofanya moto kuwa haki. Miongoni mwa malalamiko ya wanafunzi ni kwamba muhula wa pili ulikuwa umerefushwa, na kwamba katika muhula wa tatu serikali ilikuwa imepiga marufuku ziara za wazazi, michezo, na hata siku za maombi. Nia ilikuwa kuzuia wizi wa mitihani. Lakini yaliyoondolewa yalikuwa ndiyo yaleyale yaliyomfanya mvulana wa Kiungani ajue kwamba anao watu.

Katika Kumbukumbu la Torati, Mungu anapowaamuru Israeli kushika siku ya mapumziko, anawapa sababu: wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Pumziko ni alama ya mtu huru. Na katika Injili ya Marko, mitume waliporudi wamechoka kutokana na kazi, Yesu hakuwapa kazi nyingine. Aliwachukua kando wakapumzike. Lugha yetu inawaita watu wale wanafunzi. Mwalimu wao aliwajua kiasi cha kuona wamechoka.

Tufanye nini basi sisi washarika? Kanisa bado ni mfadhili wa shule nyingi, na kwa sheria lina wawakilishi kwenye bodi zake. Wawakilishi hao ni watu tunaowajua. Tunaketi nao ibadani. Tuwaulize, pamoja na alama za wastani, kama uwanja unatumika, kama kwaya ina siku yake, kama Umoja wa Wakristo unaongozwa na vijana wenyewe, na kama watoto wanalala vya kutosha. Mtoto akirudi likizo, tusimpokee kwa karatasi ya matokeo mkononi. Tumuulize kwanza rafiki yake ni nani, wanaimba nini, na wakiachwa peke yao wanazungumza nini. Kisha tunyamaze, tumsikilize.