Utundu

Mwambie mama pale Chidya kwamba mwanawe ni mtundu, atauliza kavunja nini. Mwambie fundi baiskeli wa Masasi kuwa ni mtundu, atakushukuru. Utundu wote huo, wa mtoto na wa fundi, nausikia katika Hasche-Mann, kipande cha tatu kati ya 13 vya Kinderszenen (Taswira za Utotoni), alivyotunga Robert Schumann mwaka 1838 kwa piano. Ni watoto wanafukuzana: mkono wa kulia unatimua mbio kwa noti fupi fupi, mara noti moja inagongwa kwa nguvu, kama mtu kashikwa begani! Haifiki dakika, mchezo umekwisha. Navyo vipande hivyo vyote Schumann aliwatungia watu wazima. Watoto wenyewe aliwaandikia albamu yao mwaka 1848.